Tawasifu au historia? Zawadi ya mpwa anayependa mpira wa kikapu

Mpwa wangu hapa Malindi hukesha akitazama WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani, kwenye simu; mechi ya saa moja jioni New York huku kwetu ni saa nane usiku. Idi hii nataka kumpa kitabu, nami nimebaki na aina mbili.

Tawasifu ya mchezaji husomeka upesi. Utakuta goti lililopasuliwa, kocha mkali, na msimu wa baridi aliokwenda kucheza Urusi au Uturuki kwa kuwa mshahara wa nyumbani haukutosha. Lakini ni sauti moja tu, na mara nyingi ya mwandishi wa kukodiwa. Tena binti akimhama mchezaji huyo, kitabu kinabaki kukaliwa na vumbi.

Historia ya mchezo huanza polepole, ila ina mambo! Mwaka 1893 katika chuo cha wanawake cha Smith, Marekani, mwalimu Senda Berenson aligawa uwanja sehemu tatu, na msichana hakuruhusiwa kutoka sehemu yake wala kumpokonya mwenzake mpira. Olimpiki iliwapokea wanawake wa kikapu mwaka 1976, wanaume wakiwa wameshatangulia tangu 1936. WNBA yenyewe ilianza kuchezwa 1997. Mtoto anayebishana na kaka zake barazani atapata silaha humo.

Kwa asiyependa kusoma, mpe tawasifu. Wangu nampa historia, tena ya jalada gumu. Unyevu wa bahari hapa hukunja karatasi kama sambusa.