Neti ya mbu ya kununua Nairobi: uliza dawa gani, si kama ina dawa

Ukienda Gikomba au Eastleigh kutafuta neti, muuzaji atakushikisha kitambaa, akuoneshe rangi, kisha akuhakikishie kwamba "hii ina dawa". Mwulize: dawa gani? Kwa miaka mingi karibu kila neti ya dawa ilitiwa kemikali za ukoo mmoja, pairethroidi, ambazo wanakemia walizibuni kwa kuiga sumu ya ua la pareto, pareto hii hii inayolimwa Nakuru. Mbu wamezizoea. Kwa hiyo hapa tumezipanga neti kwa kuangalia jeni za mbu zimeshaishinda dawa ipi na ipi bado inawaua.

Kabla ya pesa kutoka mfukoni, amua neti inakwenda kulala wapi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mbu wengi wanaokukosesha usingizi Umoja au South B ni wa aina ya kuleksi, mbu wa mitaro na matangi ya choo wasioeneza malaria. Wakazi wengi wa jiji wanaougua malaria huwa wameitoa safarini. Neti ya kitanda cha hapa mjini inaweza kuwa ya kawaida, mradi haina tundu. Neti ya kupeleka ushago Siaya, Busia, Homa Bay au Kwale ni jambo jingine kabisa, na hapo usikubali kupewa yoyote iliyopo. (Mjini nako tusijisahau: mbu stephensi, anayeeneza malaria na kuzaliana kwenye matangi ya maji, aligunduliwa Marsabit mwishoni mwa 2022.)

Mbu amebadilika nini

Pairethroidi huacha wazi milango ya sodiamu kwenye neva za mbu. Neva zinafyatuka bila kukoma, naye anaanguka. Mwaka 2000 watafiti waliochunguza Anopheles gambiae, mbu wa malaria, wa magharibi mwa Kenya walieleza badiliko kwenye jeni ya mlango huo, nafasi ya 1014: mahali pa asidi amino iitwayo lusini pamekaa nyingine, serini. Dawa inafika lakini haishiki vizuri. Badiliko hili huitwa kdr.

La pili linamgusa mnunuzi zaidi. Mbu ana vimeng'enya vya kundi la P450 vinavyovunjavunja sumu mwilini, na aliye na nakala nyingi za jeni zake huimaliza dawa kabla haijafika kwenye neva. Mashariki mwa Uganda na magharibi mwa Kenya wamepatikana gambiae wanaorithi mabadiliko matatu kwa pamoja: herufi moja iliyogeuka ndani ya jeni ya Cyp6p4, kipande cha DNA kilichojipachika jirani, na jeni ya Cyp6aa1 iliyojirudufu. Mabadiliko ya aina hii ndiyo yaliyofanya lebo za neti mpya ziwe na majina mawili ya dawa badala ya moja.

Nafasi ya 1: pairethroidi pamoja na klofenapiri

Kwenye lebo tafuta neno linaloanza na herufi chlorf. Interceptor G2 ina alfa-saipamethrini na klofenapiri. PermaNet Dual ina deltamethrini na klofenapiri. Uzuri wa klofenapiri ni kwamba inaingia mwilini ikiwa haijakomaa, na P450 zile zile zinazomkinga mbu dhidi ya pairethroidi ndizo zinazoigeuza kuwa sumu kamili, inayozima uzalishaji wa nguvu ndani ya seli. Ngao yake inageuka kitanzi.

Si maneno ya kinadharia tu. Misungwi, upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria, neti za aina nne zililinganishwa, na matokeo yakachapishwa 2022. Baada ya miezi 24, asilimia 45.8 ya watoto waliopimwa kwenye vijiji vya neti za pairethroidi pekee walikuwa na malaria. Vijiji vya klofenapiri vilikuwa na asilimia 25.6. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likazipendekeza rasmi.

Kuna mambo mawili ya kujua. Nyingi hununuliwa na serikali na wafadhili kwa ugawaji wa bure, hivyo dukani hazionekani mara nyingi. Jamaa zako wakiandikishwa kwenye ugawaji huko nyumbani, wahimize wasikose. Tena klofenapiri haiangushi mbu papo hapo. Anaweza kufa hadi saa 72 baadaye, na watu wengi huitupa neti nzuri kwa sababu wamemwona mbu akiruka asubuhi.

Nafasi ya 2: pairethroidi pamoja na PBO

Hii ndiyo ya kuitafuta ukikosa ya kwanza. PBO (kwa kirefu piperonyl butoxide) yenyewe si sumu ya mbu. Kazi yake ni kuzibana P450 ili pairethroidi ipate nafasi, kwa hiyo inasaidia sana dhidi ya vimeng'enya na kidogo dhidi ya kdr. Kasoro yake ni kwamba PBO huisha kwenye nyuzi mapema kuliko dawa yenyewe. Tegemea nguvu kubwa mwaka wa kwanza, kisha inashuka.

Olyset Plus ina PBO kitambaa chote. PermaNet 3.0 ina PBO kwenye paa tu, na hapa ndipo watu wanapoharibu: wanampelekea fundi aikate ashone ya duara, paa linabaki kwenye sakafu ya kibanda chake. Ukitaka ya duara, usinunue hiyo.

Nafasi ya 3: pairethroidi pekee

Deltamethrini, permethrini au alfa-saipamethrini, basi. Usiidharau: utafiti uliofanyika nchi tano, Kenya ikiwemo, ulionesha wanaolala ndani ya neti hupata malaria kidogo kuliko wasiolala hata palipo na mbu sugu. Ila muuzaji akikuambia "imepimwa maabara, inaua wote", mwulize ni mbu gani. Mbu wanaotumika maabara nyingi duniani kama kipimo cha mbu dhaifu huitwa Kisumu, maana walitoka huko zamani. Kuwaua hao hakukuambii lolote kuhusu mbu walioko Kisumu leo.

Nafasi ya 4: neti isiyo na dawa

Zile za stendi na za duara zinazopendeza chumbani mara nyingi ni hizi. Kwa Nairobi zinatosha. Zikitoboka hazina kinga ya pili.

Koili za kufukizia mbu tunaziweka mwisho. Nyingi zina pairethroidi, yaani dawa ile ile ambayo mbu ameshaizoea, na moshi juu yake: wapimaji wa mwaka 2003 walikuta koili moja ya China au Malaysia ikitoa chembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Usiiwashe chumba kimefungwa mtoto amelala. Ukinunua dawa ya kupuliza, soma kopo. Baadhi zina PBO, chukua hizo.

Vipimo na uzi

Neti ya ugawaji huwa sentimita 190 kwa 180, kimo 150. Mzunguko wake ni sentimita 740. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kina mzunguko wa takriban 670, kwa hiyo inachomekwa vizuri. Cha 6 kwa 6 kina 732: neti itavutika, mwili utagusa kitambaa, na mbu hung'ata kupitia matundu. Nunua pana zaidi. Kimo nacho hesabu: toa sentimita 20 za godoro la inchi 8 na 30 za kuchomeka, zinabaki 100 juu yako.

Unene wa uzi huandikwa kwa denia. Poliesta chukua 100 kuliko 75, poliethilini, 150. Angalia pia namba ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosajili dawa za wadudu. Iliyoandikwa kwamba si ya kuuzwa iache hapo hapo, kuna mama aliyenyimwa ili ikufikie.

Ikifika nyumbani itandaze kivulini saa 24 kabla ya kuilalia. Neti hizi hupimwa kwa kufuliwa mara 20. Ukifua kila wiki umezimaliza ndani ya miezi mitano; fua mara moja kwa miezi mitatu, kwa sabuni ya mche na maji baridi, bila Jik, na uianike kivulini kwa sababu jua huivunja dawa. Tundu lishone siku unapoliona, kwa uzi wowote ulio nao.