Ndizi au epo? Mwongozo wa kununua matunda ya nyumbani

Kwa familia inayotenga pesa ya matunda kila wiki, mpangilio wangu ni huu: ndizi mbivu kwanza, epo la pili, ndizi za kupika la tatu, juisi ya boksi mwisho kabisa. Najua wengi wangeanza na epo, kwa sababu ndilo tunda tunalompelekea mgonjwa wodini na ndilo linalopendeza kwenye kapu la zawadi. Ila ughali wake unatokana zaidi na safari kuliko lishe. Epo nyingi za madukani kwetu zinatoka Afrika Kusini. Aprili 2025, waziri wa kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, alipotangaza kuzuia mazao ya huko kwa kuwa wao walikuwa wameifungia ndizi ya Tanzania, epo zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoguswa, hadi zuio lilipoondolewa siku chache baadaye.

1. Ndizi mbivu

Gramu 100 za ndizi mbivu zina takribani kalori 89, nyuzinyuzi gramu 2.6, vitamini C miligramu 9 na potasiamu miligramu 358. Epo ya uzito huohuo ina kalori 52, nyuzinyuzi gramu 2.4, vitamini C miligramu 5 na potasiamu 107 tu. Potasiamu husaidia kushusha shinikizo la damu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku. Ndizi pia ina vitamini B6 nyingi kuliko epo. Kwa mtoto anayetoka shule na njaa, au fundi anayeshinda juani, sioni tunda la bei hii linaloifikia.

Kwa watoto nachagua ndizi aina ya kisukari: fupi, tamu, inameng'enyeka haraka. Ganda lake ni jembamba na haikai, kwa hiyo chukua ya siku mbili tatu tu. Ukitaka ya kubeba kwenye mkoba, zile ndefu zinavumilia zaidi.

Sokoni, iwe Mabibo au genge la mtaani, anza kuangalia kikonyo. Ndizi iliyoiva yenyewe hubadilika rangi taratibu, madoa madogo ya kahawia huanza kujitokeza, na harufu yake unaisikia kabla hujamenya. Kichana kikiwa cha njano inayong'aa sawasawa huku vikonyo vikiwa kijani kibichi, na ukiminya kidole kimoja ni kigumu, shuku kabaidi, kemikali ya kuivishia matunda haraka. Alama hizo hazithibitishi, lakini zinatosha kukufanya usogee meza ya pili. Kabaidi ya viwandani inaweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, na hivyo si vitu vya kumpa mtoto. Mimi ningependa kila nyumba inunue kichana kibichi kilichokomaa na kukivundika yenyewe: kifungie kwenye mfuko wa karatasi pamoja na epo moja mbivu. Gesi ya etilini inayotoka kwenye epo huharakisha kuiva bila dawa yoyote.

Mwenye ugonjwa wa kisukari asiikimbie ndizi. Ale moja ndogo ambayo haijalainika sana, kwa kuwa sehemu ya wanga wake bado haijageuka sukari, na aitafune na karanga kama wafanyavyo abiria stendi. Anayepaswa kuwa mwangalifu kweli ni mgonjwa wa figo aliyeambiwa na daktari apunguze potasiamu. Huyo ndiye wa kupelekewa epo.

2. Epo

Inashibisha kwa kalori chache kwa sababu asilimia 86 hivi ni maji, na ina pektini, nyuzinyuzi inayosaidia kupunguza lehemu (kolesteroli) mbaya. Ila sharti ule na ganda. Ukimenya, karibu nusu ya nyuzinyuzi inaishia kwenye taka. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na kuisugua.

Ya kijani, Granny Smith, ina ukakasi na sukari pungufu kidogo. Nyekundu ni tamu. Tofauti ya lishe si kubwa, chagua unayoipenda. Kilicho muhimu ni upya. Mavuno ya Afrika Kusini huanza takribani Februari hadi Mei, kwa hiyo epo ya Desemba imelala muda mrefu kwenye baridi: nje inang'aa, ndani unga. Ipime mkononi, iwe nzito kwa ukubwa wake na isibonyee. Ukikutana na za Njombe au Lushoto, ndogo na zenye madoa, nunua bila wasiwasi.

Mtoto chini ya miaka minne usimpe vipande vigumu, vinaweza kumkaba. Mkunie.

3. Ndizi za kupika

Bukoba, mshale, mzuzu: hizi ni chakula, zinashindana na ugali na viazi. Chemsha na nyama au maharage, punguza mafuta.

4. Juisi ya epo ya boksi

Nyuzinyuzi zimeondolewa, sukari imebaki, na nyingine zimeongezwa sukari juu yake. Soma nyuma ya boksi kabla hujaweka kwenye mfuko wa shule wa mtoto. Kwa pesa hiyohiyo mpatie ndizi mbili na karanga, na chupa ya maji.