Kiti ya kujenga ya basinistre ba volkano: manjanja sawa, lakini nani alibaambia Buhene kuko bulongo?

Batu bananiuliza kila siku mu watsapu, mama, ile kiti ya kujenga (kit, bitu bya kujengea nyumba) yenye ulipataka iko muzuri ama ni kelele tu, tuikubali ama tuombe falanga (pesa) mukononi. Acha niseme yote mara moja juu nimechoka kujibu mumoja mumoja na mega zinaisha.

Kwanza hilo jina. Siku shefu wa avenue (mutaa) alipita kutuambia kama basinistre (benye volkano ilikulia nyumba) batapewa kiti, muzee mumoja jirani yangu alisema yeye kiti ya kukalia iko nayo, anataka nyumba. Tulicheka paka machozi.

Kwa bale habako ba Goma: tarehe 22/5/2021, siku ya posho (jumamosi) mangaribi, volkano yetu Nyiragongo ilipasuka bila kutuambia kitu. Lava ikakata barabara ya Rutshuru, ikala nyumba zaidi ya 3.000, batu zaidi ya 30 bakafa, kisha ikasimama pa Buhene, kwetu pembeni ya mji, pale uwanja wa ndege unaiona na macho. Ile ya 2002 ilipita katikati ya mji paka ku ziwa, hii haikufika, njo batu bote bakasema Goma iko na bahati. Bahati yenyewe ilikuwa sisi ba Buhene. Tarehe 27 bakasema sehemu kubwa ya mji itoke, tukaenda na miguu paka Sake na batoto mugongoni, kurudi nikakuta parsele (kiwanja) yangu iko jiwe moja jeusi, inatoa mvuke bado, hakuna mupaka hakuna mulango, ata muti ya avoka sikuona fasi ilikuwa.

Sasa kiti. Unapewa jetoni (karatasi ya kuchukulia bitu), unaenda nayo ku kenkayeri moja, duka ya bitu bya kujenga (jina naacha), unatoka na manjanja (mabati) 18, nguzo 12, mbao, kilo 4 za musumari na bashi (turubai) moja. Falanga ilikuwa ya serikali pamoja na bafadhili, siku ya mapicha kila mumoja alisema ni yake.

Manjanja naipa 4 kwa 5. Ni nyembamba, mvua ikipiga mu nyumba hamusikilizane, mtaongea na mikono, lakini haijavuja ata mara moja. Kutu imeanza ku musumari, ile si kosa ya kenkayeri, ni moshi ya mulima, mutu wa Goma anajua vile mvua yetu inakula chuma. Mbao ni 2. Ilikuwa mubichi, karatusi ya kukatwa juzi, ilipokauka ikajipinda na leo mutoto wangu anapitisha kijiko mu ukuta kusalimia batoto ba jirani.

Nguzo njo kulikuwa shida na hapo nitakaa kidogo. Kiti ilikuja na karatasi yenye michoro, muzuri kabisa, rangi na nini: chimba shimo ya sentimetre 60, simika nguzo, jaza bulongo (udongo), kanyaga. Fundi wangu aliisoma, akachukua baramina (chuma ya kuchimbia), akapiga mara moja. Cheche ikatoka. Akapiga tena, akaweka baramina chini, akanionyesha kiganja chake inatetemeka, shimo yenyewe haitoshe kikombe ya chai. Akaniuliza polepole, mama, hii karatasi ni ya Goma?

Basi ikabidi kulinganisha parsele kwanza. Vijana banne na masi (nyundo kubwa), siku tisa, banavunja mawe kuanzia asubui, banakula bugali na sombe kwangu juu njo mapatano, kisha tukapandisha ukuta mufupi ya mawe na simenti ya kushika nguzo, mifuko 6, yote deni. Choo haichimbwe pale, unaijengea juu, leo tunapanda ngazi sawa tunaenda ku altare. Nikihesabu vijana, simenti na mchanga, nilitoa falanga nyingi kuliko bei ya bitu byote byenye kuandikwa ku jetoni. Ata franka moja ya kulinganisha haikukuwa mule.

Yule muzee wa kiti hakukuwa na mutu wa kukopa. Aliuzisha nusu ya manjanja alipe bavunja mawe, akafunika chumba kimoja, kingine bashi. Miezi kidogo bakaja bale ba kukagua, bakahesabu manjanja, bakasema umeuzisha musaada, bakamukata ku listi ya awamu ya pili. Alibaonyesha ukuta ya mawe, bakasema ukuta haiko mu formulere.

Huduma ya listi naipa 1, na ile 1 ni ya kijana mumoja wa meza mwenye aliongea na sisi na heshima. Majina balichukua wakati tuko bado Sake, kisha banaomba karatasi ya parsele. Karatasi iko chini ya lava, papa, enda uichukue.

Kuko bengine balijengewa kule Kibati, nyumba imesimama tayari, naelewa mutu anakubali, lakini angalia ramani, Kibati iko karibu na mulima kuliko pale tulikimbia.

Na kitu ingine inaniuma, falanga inakujaka nyuma. Bale ba OVG, benye kusikiliza volkano, musaada ya Banki ya Dunia ilibaishia 2020, bakakaa miezi bila intaneti ya kupokea habari za mashini zao za kule juu. Mwaka uliofuata mulima ikapasuka, njo falanga ya manjanja ikapatikana.

Kwa hiyo benye kuniuliza: ukubali, usikatae bati ya bure. Lakini bakikupa nafasi ya kuchagua, omba siku za vijana ba masi na simenti, manjanja ifuate. Na piga picha ya parsele mbele ya kugusa jiwe, tena picha kila siku, bakija kukagua uko nayo.

Yote pamoja nyota 3. Kama kuko mwenye kuuzisha masi ya kilo 5 aniandikie, yangu mupini umevunjika na pa jiko bado hapajalingana.