Usajili wa TSC: uzoefu wangu hadi nikapata nambari

Nilisomea ualimu, Kiswahili na Historia, na sasa nina nambari yangu ya TSC, yaani Tume ya Huduma kwa Walimu hapa Kenya. Naandika kwa sababu wenzangu wengi bado wanawalipa mabroka kwa kazi ambayo mtu anaweza kujifanyia akiwa na simu na saiba yenye skana nzuri.

Usidhani nambari hii ni ya wanaotafuta kazi ya serikali tu. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 inamkataza asiyesajiliwa kufundisha, na shule nyingi za kibinafsi hazikuiti hata kwenye mahojiano kama huna.

Anza na cheti cha mwenendo mwema, maana ndicho kinachokula muda. Unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, unalipa kwa M-Pesa, kisha unachapisha fomu ya C24, ile ya alama za vidole. Ichapishwe karatasi moja, mbele na nyuma. Kijana aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alirudishwa kwa kuja na karatasi mbili. Mimi alama za vidole nilichukuliwa Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali: vidole vyote kumi, kimoja baada ya kingine, na mhudumu akinisihi nilegeze mkono, nisibonyeze mwenyewe, wino usije ukatapakaa. Kuna wanaoona hatua hii ni usumbufu. Mimi naiunga mkono kabisa. Anayekabidhiwa watoto wa watu lazima achunguzwe.

Ukisubiri cheti hicho, peleka fomu ya GP 69, ile ya uchunguzi wa afya, kwa daktari aijaze na kuipiga muhuri. Vingine vinavyohitajika ni kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), picha ya pasipoti na vyeti vya masomo. Kwa walimu wa sekondari, KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, iwe na wastani wa C+ na C+ katika masomo yako mawili ya kufundishia. Skani vyeti halisi, si nakala ya nakala.

Na majina yafanane kila mahali! Rafiki yangu ana jina la ubatizo kwenye KCSE ambalo halimo kwenye kitambulisho, ikabidi atafute wakili kwanza ndipo aendelee.

Broka mmoja karibu na chuo aliniomba nenosiri langu la eCitizen ili "aniharakishie". Nilikataa. Akaunti hiyo ina kitambulisho chako, PIN yako na mambo yako yote na serikali. Usimpe mtu.