Hilux ya dizeli ya zamani au Prius ya karibuni?

Swali hili halikosi kujirudia: kwa hela ileile, uchukue Hilux ya dizeli ya miaka ya 1990 au Prius ya 2010, yaani haibridi: gari lenye injini ya lita 1.8 na mota ya umeme?

Kwenye mafuta hakuna ubishi. Prius inashinda, hasa kwenye foleni: ukikanyaga breki, mota hurudisha umeme kwenye betri, na gari likisimama injini hujizima.

Matengenezo ndiyo yenye utata. Dizeli ya Hilux hiyo haina mambo mengi ya kompyuta. Fundi mzoefu huifuatilia kwa spana na masikio. Ila mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni, ukikatika, valvu hugonga pistoni, na hapo jiandae kwa gharama. Prius hutumia cheni badala ya mkanda, lakini betri yake kubwa huzeeka, na fundi asiye na mashine ya kuipima asiiguse kabisa.

Kabla ya kulipia Prius, chungulia tundu la hewa kando ya kiti cha nyuma. Feni ya betri huvuta hewa hapo. Vumbi likiziba, betri hupata joto na kufa mapema. Kwa Hilux, ingia uvunguni ukague chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari. Mimi rangi mpya nyeusi hunitia shaka kuliko kutu inayoonekana, maana huenda imeficha kutu.

Mzigo na barabara mbovu: Hilux, moja kwa moja.

Unayezunguka mjini kila siku na una fundi wa haibridi karibu, Prius itakufaa. Kama fundi huyo yuko mbali, au unabeba saruji na magunia, chukua Hilux.