Rezista ya kunyoosha geji ya mafuta: nyota nne kati ya tano

Kwa geji inayosoma juu kuliko mafuta yaliyomo, rezista moja ya wati 1, yaani kipande kidogo kinachokinza umeme, ni dawa rahisi na inafanya kazi. Nyota ya tano imepotea kwa sababu haitibu kila ugonjwa, na wauzaji hawasemi hivyo.

Ndani ya tangi kuna boya, na mkono wake unateleza juu ya njia ya ukinzani, unaopimwa kwa omu; kifaa hicho kizima ndicho senda. Mifumo miwili inakutwa sana: ule wa General Motors, omu 0 tangi likiwa tupu na 90 likijaa, na ule wa geji nyingi za kununua, 240 likiwa tupu na 33 likijaa. Geji ya mfumo mmoja ikifungwa na senda ya mwingine, rezista haisaidii kitu, maana zinakwenda kinyume.

Ethi, yaani muunganisho wa senda na chasisi, ndiyo ya kuangalia kwanza. Kutu kwenye skrubu yake inaongeza omu, na katika mfumo wa 0 hadi 90 sindano itapanda: gari linazima njiani huku geji ikidai bado yamo. Katika 240 hadi 33, kutu hiyohiyo inaishusha. Pima kutoka bodi ya senda hadi kwenye chasisi. Ikizidi omu 1, piga msasa, kaza, upime tena. Mara nyingi kazi inaishia hapo na rezista inabaki kwenye pakiti.

Ethi ikiwa safi, na mfumo ni wa 0 hadi 90, chomoa waya wa senda upime omu tangi likiwa limejaa. Tuseme zimetoka 105 badala ya 90. Zidisha 105 kwa 90, gawa kwa tofauti yake, 15: unapata 630. Ya dukani iliyo karibu ni 620, nayo inakupa 89.8. Ifunge sambamba, yaani mguu mmoja kwenye waya wa senda, wa pili kwenye ethi. Uzuri wake ni kwamba tupu inabaki 0 palepale, wakati nusu tangi inashuka kutoka omu 52 hadi 48 hivi.

Ukiifunga kwa mfuatano, yaani katikati ya waya wa senda, unaongeza omu kila mahali, na katika mfumo huu hata tangi tupu litaonyesha mafuta. Wengi wanaharibu hapo.

Fungia nyuma ya dashibodi, terminali hasi ya betri ikiwa imetolewa, kisha funika kwa mpira wa kusinyaa. Usichomelee karibu na tangi.

Sindano inayorukaruka ni njia ya ukinzani iliyolika. Iliyoganda kwenye tupu inaweza kuwa boya lililotoboka na kuzama. Hizo zote ni za kubadilisha senda. Kwa magari ambayo senda inapeleka taarifa kwenye kompyuta kwanza, usiunge chochote bila mchoro wa waya wa gari lenyewe.