Kabla ya kununua vihisi vya nyumbani, ulizia toleo la ruta ya mpaka

Lalamiko linalonifikia zaidi kutoka kwa wasomaji ni hili: kihisi cha mlango wa nyuma kinakatika, mtu anaongeza plagi janja katikati ya njia ili isaidie kupokezana mawimbi, na kihisi kinaendelea kukatika vilevile. Betri ni mpya, plagi ni nzima. Tatizo ni kwamba vifaa hivyo viwili viko kwenye mitandao miwili tofauti, na muuzaji hakulitaja hilo.

Umbali, umbo na rangi siyagusi. Yameandikwa kwenye kila boksi.

Chaguo langu la kwanza ni Thread, mtandao wa redio ambao vifaa vya nyumba janja hupokezana ujumbe. Kila kihisi kinapata anwani yake ya IPv6, yaani itifaki ya intaneti (IP) toleo la 6, jambo ambalo si dogo: fremu ya redio inayotumika, yaani kifurushi kimoja cha data hewani, haizidi baiti 127, wakati IPv6 inadai njia iweze kubeba pakiti ya baiti 1280. Pengo hilo huzibwa na 6LoWPAN, tabaka la kati ambalo kazi yake ni kubana vichwa vya pakiti na kuikata vipande inapozidi. Kihisi chenyewe hulala muda mwingi, na ujumbe unaokijia hutunzwa na kifaa jirani chenye umeme wa kudumu hadi kiamke.

Sasa kasoro yenyewe. Ili Thread ifike kwenye intaneti inahitaji ruta ya mpaka, ambayo mara nyingi imo ndani ya spika au kituo cha nyumba janja. Ukiwa na mbili za kampuni tofauti, kila moja inaweza kuanzisha mtandao wake na funguo zake. Plagi ikiingia huku na kihisi kikiwa kule, havibebeani hata baiti moja, ingawa vimepakana ukutani. Thread 1.4, iliyotoka 2024, imeweka utaratibu mmoja wa kugawana funguo hizo. Kwa hiyo ulizia toleo la ruta. Muuzaji asipojua, nenda kwa mwingine.

Kwa vihisi na plagi, naipendelea kampuni ya Eve na sifichi. Plagi yake ya Eve Energy ya Thread inapokezana mawimbi kama inavyotakiwa, na huhitaji kufungua akaunti wala kutegemea seva ya kampuni.

Ya pili ni Zigbee, mtandao mwingine wa redio wa vifaa vya nyumbani. Imekomaa, vihisi vyake ni vingi, na kwa kuwa kituo kimoja ndicho kinachoongoza mtandao mzima, mkanganyiko wa hapo juu hukutani nao. Ila haitumii IP, kwa hiyo bila kituo cha kutafsiri huendi popote. Z-Wave, nayo ya redio, ni ya tatu: iko chini ya gigahezi 1, mbali na msongamano wa Wi-Fi, lakini masafa ya Ulaya si ya Marekani, basi usiagize bila kukagua.

Vihisi rahisi vya Wi-Fi vinavyotumia betri? Viache.

Kinachoniudhi ni boksi lililoandikwa Matter peke yake. Matter, iliyotoka Oktoba 2022, ni lugha ya vifaa tu. Inaweza kupita juu ya Wi-Fi, Etheneti au Thread. Wauzaji wanalijua hilo, na bado wanaibandika nembo hiyo mbele kwa herufi kubwa huku aina ya redio ikiwa nyuma kwa maandishi madogo, au haipo kabisa. Mnunuzi anayelipia kihisi ana haki ya kuiona aina hiyo ya redio kabla hajalifungua boksi.